Mtaa Usiopokea Simu

Mizani haikuwa na ubaya wowote. Nalisema mapema, maana watu wakisikia habari ya Tandale hukimbilia kuutukana mtambo, na mtambo wenyewe hauna hili wala lile. Uliambiwa uhesabu mazungumzo ya simu katika jiji la Dar es Salaam, ukahesabu. Asubuhi ile ulinitandazia ramani ya jiji juu ya meza yangu pale Mamlaka ya Namba. Kariakoo ilikuwa inang'aa. Minara ya Mwambani, yale maghorofa mapya ya vioo kule pwani, iling'aa mpaka ikaniumiza macho. Tandale ilikuwa nyeusi tii.

"Tandale imelala," Mizani ikaniambia kwa ile sauti yake ya upole. "Napendekeza ivuliwe 022 na ipewe 029."

Nilicheka kwa sauti. Mimi Siwema Pazi, injinia wa misimbo, nimezaliwa Tandale na nimelelewa Tandale. Kama kuna mtaa usiojua kulala katika jiji hili, ni ule. Usiku watu wanakaanga, alfajiri watu wanagombana, mchana wanapatana. Nikadhani mtambo umepata hitilafu.

"Rudia hesabu."

"Nimerudia. Simu za Tandale hazipokewi."

Nikaacha kucheka.

Ngoja nieleze kidogo kuhusu namba hii, maana siku hizi wapo wanaodhani 022 ilishuka na jiji lenyewe. Zamani sana Dar es Salaam ilikuwa 051. Kisha mikoa ikapangiwa misimbo upya, jiji likapewa 022, na waliokwisha kuchora 051 kwenye mabango ya maduka yao wakalalamika wee, halafu wakazoea. Zikaja simu za mkononi. 022 ikabaki namba ya maofisini, ya simu zenye waya ambazo mhudumu huzipangusa vumbi kila asubuhi na hakuna anayezipiga. Hakuna aliyeringia msimbo enzi zile.

Kilichoirudisha mjini ni nyumba. Nyumba zilipotiwa akili, mlango ukajua kufunguka wenyewe na koki ikajua kujifunga, kila nyumba ikahitaji anwani isiyotembea na mtu. Wakaifufua namba ya mezani. Na kwa kuwa jiji ndilo lililokuwa na fedha, jiji likajipendelea. Nyumba ya 022 ukiminya kitufe chekundu, ambulansi ya angani inanyanyuka hujamaliza kukohoa. Nyumba ya msimbo mwingine inapanga foleni. Hapo ndipo watu walipochangamka. Wachumba wakaanza kuulizwa, "Kwenu namba inaanzaje?" Watu wa Kibaha wakapanga vyumba Ubungo ambamo hawalali, ili mradi wawe na 022. Mababu walioapa kwamba mwanamume havai hereni wakaning'iniza vipuli vya simu za nyumba zao masikioni bila aibu, ili mradi msimbo ni ule.

Taabu ni kwamba namba zilikuwa zimekwisha. Tarakimu saba zinazofuata 022 zimechomwa ndani ya kila mlango na kila koki ya jiji. Kuongeza ya nane ni kuchimbua mji mzima. Serikali ikaamua kuligawa jiji. Wanaozungumza sana wabaki na 022, waliolala wapewe 029. Wakubwa walisema 029 ni msimbo mzuri tu kama mwingine. Hakuna hata mmoja wao aliyeuomba.

Mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa. Shangazi yangu Mwantumu, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, ana pumu. Masika iliyopita kifua kilimbana akiwa peke yake nyumbani. Nilipofika nikihema, nilimkuta ameketi kitandani na mtungi wa hewa, ambulansi inaondoka zake juu ya paa. Kwa 029 ningemkuta maiti.

*

"Simu isiyopokewa unaihesabuje?" niliiuliza Mizani.

"Siihesabu. Ikiita ikakatwa kabla ya kupokewa, hiyo ni kelele. Naifuta."

"Leo usiifute. Nichoree ramani ya kelele peke yake."

Ramani ikazimika, ikawaka upya, na nusura nianguke kwenye kiti. Tandale ililipuka kwa mwanga. Manzese nayo, Buguruni nayo, vinukta vinawaka na kuzima kila upande. Minara ya Mwambani ikawa giza.

"Bipu!" nikapiga ukelele. Wenzangu wa meza za jirani wakanigeukia. "Jamani, wanabipu!"

Asiyekulia kwetu hawezi kujua. Hapo kale watu walibipu kwa sababu ya ukata. Unampigia mtu, inaita mara moja, unakata, yeye mwenye salio anakupigia. Shida ya salio ilikwisha siku nyingi, lakini bipu haikuondoka Tandale. Ilinenepa ikawa na watoto na wajukuu. Shangazi akinibipu mara moja, amefika salama. Mara mbili, njoo. Moja, kimya kidogo, kisha moja, kuna mgeni nyumbani, usije mikono mitupu. Kupokea kunaharibu kila kitu, maana ukipokea umemkatiza mwenzio kabla hajamaliza. Na simu inayoita mfululizo bila kubipu kwanza ni ya mtu asiyekujua, na huyo unamwacha aite mpaka achoke.

Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa unasema kutwa kucha, na mtambo wetu ulikuwa unafagia maneno yake kama maganda ya machungwa.

Nikauliza jambo moja zaidi. "Kule Mwambani, nani anazungumza na nani?"

"Friji na maduka," ikajibu. "Mashine za kufulia na mafundi. Kila kifaa cha Mwambani kina namba yake ya 022. Watu wenyewe wanapiga simu chache."

Nilitoka mbio kumtafuta Dokta Lwitiko.

*

Dokta Lwitiko ndiye mkuu wa idara yetu, mtu wa Tukuyu, mnene, mstaarabu, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku chai yake ya tangawizi inapoa.

"Nimekuelewa, Siwema. Lakini friji likiongea na duka, Mizani inajua limesema nini. Linataka maziwa. Hiyo bipu inasema nini?"

"Inategemea."

"Ndiyo shida. Mizani haihesabu kisichoeleweka. Ndivyo ilivyojengwa." Akasogeza kikombe. "Suluhisho unalo mwenyewe. Wewe mtoto wa kule. Ipe Mizani maana za bipu. Ikishazielewa, zitakuwa mazungumzo, na Tandale itakuwa hai kuliko Kariakoo. Kamishna anakuja kusikiliza shauri wiki ijayo. Fanya kabla ya hapo."

Nikamshukuru kwa furaha. Nilikuwa nimefika mlangoni ndipo akili iliponirudia.

"Dokta, zikiwa mazungumzo, zitahifadhiwa?"

"Mazungumzo yote huhifadhiwa. Sheria inajulikana."

Sheria naijua kweli. Mazungumzo yote ya nyumba yanatunzwa, na mwenye nyumba akitaka kuyasoma, anaomba nakala na anapewa siku hiyohiyo. Mwenye nyumba ni yule ambaye jina lake liko kwenye namba. Tandale, kama kwingineko, jina hilo mara nyingi ni la mume.

"Labda nitoe maana chache," nikasema. "Zile zisizo na madhara."

Dokta Lwitiko akatikisa kichwa kwa huruma. "Unaujua mtambo kuliko mimi. Ukiifundisha maneno kumi, yaliyobaki itayang'amua yenyewe kwa jioni moja."

*

Nilimkuta shangazi uani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamwaga yote. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Kwa hiyo huo mtambo utajua nikibipu nimesema nini."

"Ndiyo, shangazi."

"Na mtu mwingine ataweza kusoma."

"Mwenye nyumba tu."

"Mwenye nyumba tu!" Akacheka, na cheko lenyewe halikuwa na utamu. "Mwanangu, kaa nikwambie. Kuna mwanamke hapa mtaani, jina lake silisemi hata kwako. Mumewe akirudi vibaya, yule mwanamke anabipu mara mbili harakaharaka. Kwangu, kwa mama Zuhura, kwa jirani wa ukutani. Sisi tunakwenda. Mmoja anaazima chumvi, mwingine anauliza habari ya kikao cha harusi, mwingine anakaa tu hatoki. Mwanamume anaona nyumba imejaa wageni, anajikausha, analala. Siku ya pili anatusalimia vizuri. Hajui."

Niliokota punje ya mchele iliyoanguka, nikairudisha kwenye ungo.

"Miaka yote hii hajui," akarudia. "Siku akiomba hiyo nakala yenu atajua."

"Lakini tukipoteza 022, shangazi, wewe mwenyewe..." Sikumaliza. Niliutazama mlango wa chumba chake, pale nilipomkuta masika iliyopita.

"Najua. Kifua ni changu." Akapepeta mara moja, makapi yakaruka. "Shauri ni lako, wewe ndiye uliyesoma. Ila ukiamua kutoa, usije ukanililia hapa kwamba hukujua."

Niliondoka nimekasirika. Nilimkasirikia shangazi, nikamkasirikia Dokta Lwitiko, nikajikasirikia mwenyewe kwa kusomea kazi ambayo mwisho wake ndio huu. Watu wengi sana wanaishi Tandale, na kila mmoja ana kifua, ana mtoto, ana mjamzito. Nani angenilaumu nikiwaokoa wote kwa kumtoa mmoja ambaye hata jina lake silijui? Hesabu ilikuwa rahisi. Lakini nilipoiandaa Mizani nipate kuiingizia neno la kwanza, bipu ya kufika salama, mkono wangu ulikataa. Nikaufunga mtambo nikaenda kumwambia mkuu wangu kwamba sitatoa hata moja.

"Basi Tandale itaondoka," alisema kwa masikitiko.

"Haijaondoka bado," nikamjibu, kwa jeuri ambayo sikuwa nayo moyoni.

*

Sheria inasema mtaa hauvuliwi msimbo mpaka Kamishna wa Namba aende kukaa nao na kuusikiliza. Kwa hiyo siku ya shauri, saa nne asubuhi, tulikuwa uwanja wa shule ya msingi, chini ya turubai, viti vimepangwa mpaka kwenye goli. Mamlaka ilikuwa imewaalika wakazi kwa kuwapigia simu nyumba kwa nyumba. Mnajua kilichotokea. Viti vilikuwa vitupu, isipokuwa shangazi yangu na mashoga zake wawili mstari wa mbele, na mzee mmoja nyuma aliyefuata kivuli, akasinzia.

Kamishna Kokushubila alikuwa mwanamke mrefu wa Bukoba, mwenye utulivu wa mtu aliyekwisha kuona mengi. Alivitazama vile viti, akanitazama mimi.

"Injinia Pazi, nimesoma maelezo yako. Unasema mtaa huu uko hai. Mtaa ulio hai huja kusikiliza kesi yake."

"Hawakupokea simu zetu, Mheshimiwa."

"Ndivyo ulivyosema mtambo."

Watu wa Mamlaka wakacheka chinichini. Dokta Lwitiko alikuwa anaviangalia viatu vyake. Nikasimama.

"Naomba ruhusa, Mheshimiwa. Mkazi mmoja awaite wenzake kwa namna yao."

"Awapigie simu?"

"Hapana. Awabipu."

Safari hii walicheka bila kujificha. Kamishna hakucheka. Aliinua mkono kumwelekea shangazi kumruhusu.

Shangazi Mwantumu alisimama, akarekebisha mtandio, akagusa kipuli sikioni. Kilichochukua muda ni yeye kuketi tena na kujipanga kwenye kiti. Bipu yenyewe ilikuwa imekwisha.

Hakuja mtu. Mzee wa nyuma akageuza shingo upande wa pili. Kunguru alitua juu ya goli. Mtu mmoja wa Mamlaka akaanza kukusanya makabrasha yake, nami nikaanza kutunga maneno ya kumwomba shangazi radhi.

Halafu mlango mmoja ukagonga upande wa pili wa ukuta wa shule. Ukagonga mwingine. Ikawa kama mvua inapoanza juu ya bati, matone mawili matatu, kisha huwezi kuhesabu tena.

Kila aliyebipiwa alikuwa amembipu mwenzake, na Mizani, iliyokuwa mezani mbele ya Kamishna, ikasema kwa upole wake: "Kelele imeongezeka. Naifuta."

Wakaingia. Walikuja kina mama wana unga mpaka kwenye viwiko. Alikuja kinyozi na mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado. Walimu walitoka madarasani na chaki vidoleni. Fundi cherehani alikuja na futi shingoni, mjamzito alikuja ameshikwa mkono na mama mkwe, wacheza bao walikuja wanaendelea kubishana kuhusu kete. Viti vikajaa, uwanja ukajaa, waliokosa nafasi wakapanda ukuta.

"Naifuta," ilisema Mizani. "Naifuta. Naifuta."

Mzee wa nyuma akazinduka, akawaona watu, akauliza kwa nguvu, "Nani kafa?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kamishna naye akacheka, akaufunika mdomo kwa mkono.

"Mizani," alisema alipopata sauti, "acha kufuta."

Vigelegele vikapasuka. Akangoja vipungue, akamgeukia shangazi.

"Mama, umewaambia nini?"

"Nimewaita, Mheshimiwa."

"Hilo naliona. Nauliza umesemaje. Kila bipu ina maana gani?"

Nikashika meza. Shangazi alimtazama usoni, bila jeuri na bila woga.

"Mheshimiwa, mimi nimeita na wao wamekuja. Yaliyobaki ni ya kwetu."

Ndipo Dokta Lwitiko alipoinuka, akakohoa, nami nikajua ametupiga chini. "Mheshimiwa, mtambo hauwezi kuhesabu kitu bila kujua maana yake..." Akasita. Akawatazama wale watu, akamtazama yule mteja wa nusu kichwa. "Injinia Pazi ana wazo lake. Ningependa alieleze yeye."

Wazo? Sikuwa nimemwambia wazo lolote. Alinipa mlango, basi. Maneno yakanijia nikiwa nimeshasimama.

"Mizani isiisikilize bipu, Mheshimiwa. Iangalie kitu kimoja tu: bipu imeingia, je, mlango umefunguka, koki imefungwa, mtu ameinuka? Ikiona hivyo, inahesabu moja. Kisha inasahau nani alimbipu nani. Haihifadhi chochote, kwa sababu haikuelewa chochote."

"Mizani, unaweza?"

"Naweza," ikajibu. "Ni rahisi kuliko ninavyofanya sasa."

"Na mazungumzo ya Minara ya Mwambani. Injinia ameandika hapa kwamba mengi ni ya mafriji. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Kamishna Kokushubila akavua miwani. "Kwa hiyo niliitwa hapa niwavue watu namba ili friji liagize maziwa." Kila mtu alikuwa amebana kicheko. "Friji halina tarakimu iliyochomwa ukutani. Friji hubadilishwa kama viatu. Sikilizeni uamuzi wangu. Bipu itahesabiwa kama Injinia alivyoeleza, na haitahifadhiwa. Tandale inabaki 022. Hakuna mtu wa jiji hili atakayetolewa 022. Mafriji yote, mashine zote za kufulia, mabango yote yanayojipigia simu yenyewe, yahamie 029 kuanzia leo. Namba zitakazobaki wazi zitawatosha watu, na watakaohamia watazikuta."

Sikuusikia mwisho wa sentensi. Uwanja ulikuwa umeshashika moto. Watu waliimba "Sifuri mbili mbili!" huku wanapiga viti, kinyozi akamnyanyua mteja wake juujuu, walimu walicheza kuliko wanafunzi wao. Dokta Lwitiko, mstaarabu yule, alikuwa anapiga mluzi kwa vidole viwili. Mimi nililia mbele za watu na sioni haya kusema. Shangazi alinivuta akanipangusa uso kwa ncha ya mtandio wake, kwa nguvu, kama alivyonipangusa nilipokuwa darasa la kwanza.

"Haya basi, inatosha," alisema. "Utawatisha watu."

Nilimkumbatia, nikautazama umati juu ya bega lake. Wanawake walikuwa wengi, wanapiga vigelegele, na waume zao kando yao. Mmoja wa wanawake wale ndiye yule wa bipu mbili. Pengine mumewe ndiye aliyekuwa anashangilia kwa sauti kubwa kuliko wote, akiufurahia msimbo wa nyumba yake. Ningeweza kuzipitia nyuso zile moja moja nikamjua. Nikafumba macho.